Mkavu wa Macho

Hapana, Oleguer, irudishe hiyo chupa.
Umeona *Extra Sec* ukadhani umefika jangwani.
Kavu zaidi, sawa, ndivyo lebo inavyojigamba,
lakini humo mna gramu kumi na tano za sukari kwa kila lita.
Majina haya yalipangwa na watu wa kale
waliokunywa mvinyo kama sharubati;
kwao kupungukiwa kijiko kimoja kulikuwa kiangazi.

*Brut* ina utamu mdogo kuliko hiyo.
*Extra Brut*, mdogo zaidi.
Halafu pale, rafu ya mwisho, karibu na ufagio,
*Brut Nature*: haifiki gramu tatu,
na hata hizo hakuna mkono uliozitia,
ni za zabibu zenyewe, chachu ilishiba ikazisaza.

Shuka nami. Angalia kichwa.
Penedès yote inaungua huko juu,
mimi humu navaa sweta ya marehemu baba.
Chupa hizi zimelala miezi arobaini juu ya machicha yake.
Siku ya kuzizibua tunagandisha shingo,
tunang'oa kifuniko cha bati, pah!
uchafu unaruka kama jino bovu,
na pengo linabaki.

Hapo ndipo kila nyumba huonyesha tabia yake.
Wengi huliziba pengo kwa shira.
Kaka yangu Ermengol alikuwa fundi wa shira,
aliipima kwa jicho moja, lile jingine kalifumba.

Mwaka wa mvua ya mawe
zabibu zilipasuka mashinani,
tukazivuna zikiwa chachu, tukikimbizana na ukungu.
Ermengol akasema: Remei, tia.
Sukari ni poda, hufunika chunusi.
Nikatia. Krismasi ilikuta rafu karibu tupu.
Wateja walinishika mkono, wakanisifu,
na mimi ndiye niliyeujua ule uso kabla ya poda.

Tangu hapo, pengo nalijaza kwa mvinyo uleule.
Ermengol anauza matairi Tarragona.
Hunipigia siku ya Mtakatifu Stefano, tunaongea hali ya hewa.

Mvinyo usiotiwa sukari ni mkavu wa macho:
unakutazama, haupepesi.
Kama ardhi ilikuwa na kiu, utaambiwa.
Kama niliogopa nikavuna siku mbili mapema,
utaambiwa, tena mbele za watu.

Kwa hiyo usinunue ukavu kwa jina tu.
Geuza chupa mgongo. Ililala muda gani? Ilizibuliwa lini?
Mvinyo mchanga ukinyimwa sukari hauwi mkweli,
unakuwa mkali tu,
kama kijana anayeuita ufidhuli wake ukweli.

Onja.
Umekunja uso. Subiri, usimeze maneno bado.
Ganda la limau, eh? Lozi mbichi.
Kisha kitu kama chaki ya shuleni.
Na sasa mate yamekujaa mdomoni:
ukavu gani huu unaolowesha?

Unasema mzee wako anatimiza sabini,
daktari kamkataza sukari,
nawe mfamasia unahesabu gramu kama vidonge.
Mimi siuzi dawa. Pombe ni pombe, mwulize daktari.
Akiruhusu glasi moja, iwe ya hii,
na dagaa wa chumvi, zeituni,
mkate uliosuguliwa nyanya.

Lakini keki ikiletwa, usithubutu.
Mbele ya keki mvinyo huu hugeuka siki
na shangazi zako watanilaani hadi Pasaka.
Wao wape ile ya kwanza, uliyoishika kwa makosa.

Hebu nione mwaka.

Ndiyo.
Ile ile, ya mvua ya mawe. Sikujua kama imebaki hata moja.
Ngoja niifute vumbi.
Hapana, weka pesa zako.
Waambie tu wanipigie simu, waniambie
kama ni tamu.